Gunia la Maji Juu ya Bomba

Petroli ilipoadimika Juba, niliapa kwamba mashine yangu ya kusaga mahindi pale Gudele haitasimama. Mafuta ya taa yalikuwepo, lakini injini ya petroli haiyachomi vizuri yakiwa baridi. Nikalipinda bomba linalopeleka mafuta na hewa kwenye injini, nikaliegemeza kwenye bomba la moshi lipate joto. Nikawasha kwa petroli kidogo, nikangoja bomba liwe la moto, nikafungulia mafuta ya taa. Ikanguruma.

Nilitoka kumpokea mteja gunia lake. Niliporudi, injini ilikohoa moshi mweupe, ikazima. Jirani yangu, mama Mganda muuza chai, alikuwa ameyafunika mabomba kwa gunia lililoloweshwa maji, kama kila mtu hapa anavyopoza jenereta mchana.

"Nimekusaidia, jirani. Mashine iko na joto sana!"

"Mama, hilo joto ndilo ninalolitafuta!" Nikalitupa gunia barabarani.

Wateja wakacheka: mtu anatafuta joto Juba! Niliwasha upya, nikasimama hapohapo mpaka unga ukaanza kumwagika.

Mama akatazama, kisha akaja na birika lake, akaomba aliweke juu ya bomba.

Nikamkatalia. Joto lile lilikuwa na kazi tayari.