Siku Nilipoligonga Sinia

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipoligonga sinia la watu kwa upawa mpaka likabonyea, mbele ya watu hamsini na wawili waliovaa nguo za heshima. Idadi naijua kwa sababu niliwahesabu walipokuwa wakiingia, nikawahesabu tena walipoketi. Ndivyo nilivyo. Hata kitenge nikikuuzia pale sokoni Woolwich nakipima mara mbili, ya pili mbele ya macho yako, tusije tukatafutana. Sasa tangu keshokutwa orodha ya marehemu wa shule yetu iko mikononi mwako. Kaa, chai ipo. Nikwambie orodha hiyo iliwahi kunifanya nini.

Desturi yetu unaijua. Sisi tuliosoma kule milimani Usambara, kila mwaka tukikutana hapa London, pilau haiguswi kabla hayajasomwa majina ya waliotangulia: walimu kwanza, kisha wafanyakazi, kisha wanafunzi. Yanasomwa kama mahudhurio ya asubuhi darasani, na kila jina likitajwa ukumbi mzima unaitika kwa niaba yake: "Yupo!" Anayesoma hakatizwi. Enzi hizo msomaji alikuwa Mwalimu Mshana wa hesabu, mzee aliyesikia kwa sikio moja tu. La pili alisema aliliacha darasani kwetu.

Katibu nilikuwa mimi, miaka thelathini na kitu, mwepesi wa mguu na wa ulimi. Habari za nyumbani tulizipata kwa kadi za simu. Unakwangua namba, unaongea mpaka inakata. Ijumaa binamu yangu akanieleza kutoka Tanga kwamba Mzee Athumani, mpiga kengele wa shule, amefariki jana na wametoka kumzika. Mimi sokoni simwamini mtu mmoja. Nikampigia wa pili, akasema ni kweli. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Si kwa kifo, kwa orodha. Nilifurahi kwamba ingekuwa imekamilika mpaka jana yake. Nikaliandika jina mwisho wa wafanyakazi, kwa wino mweusi, na Jumamosi nikamkabidhi Mwalimu karatasi.

Mzee Athumani, kwa ninyi mliozaliwa huku, ndiye aliyekuwa saa yetu. Kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa nje ya ofisi. Mapigo matatu ya polepole ni darasani, mawili ni chakula. Lakini akipiga mfululizo bila kupumua, hiyo ni hatari: moto, au nyoka bwenini. Ukiisikia hiyo unasimama hapo hapo ulipo na kufunga mdomo. Hata waziri mmoja wa leo, aliyesoma pale, nadhani akiisikia angesimama.

Binti yake Zaina alikaa peke yake Kilburn, hapa hapa London, akihudumia vikongwe kwenye nyumba ya wazee, na kila Jumamosi alikuwa shifti. Kwa hiyo nilijua hatakuja. Nasema nilijua, kumbe nilikadiria tu.

Mwalimu ameshaanza kusoma, nami niko mlangoni, nikamwona wa hamsini na tatu. Zaina, anahema, kabeba bakuli la sambusa.

"Nimebadilishana shifti, dada! Nimeiwahi pilau?"

Nilikuwa nimeshafungua mikono nimpe pole. Akaniwahi.

"Hebu ona, nimemnunulia baba saa. Ina kengele ndani yake. Aache kuangalia jua."

Mikono yangu ikabaki hewani kama ya mtu anayepima kitambaa.

"Mara ya mwisho umezungumza nao lini?" nikamuuliza.

"Tangu Jumatano simu ya baba mdogo haipatikani. Wamechoka na kadi zangu zinazokata, wananikimbia hao." Akacheka, kisha akanitazama. "Mbona umenikodolea macho? Bei sikwambii. Utasema nimelanguliwa."

"Umelanguliwa tu," nikasema.

Akaenda kuketi safu ya pili. Mimi nikakimbilia meza ya chakula, kwa Mama Agnes. Huyu alikuwa matroni wetu wa bweni, na hata London hakuacha kuwa matroni.

"Matroni, Zaina hajui?"

"Amekuja?" Akaweka chini birika. "Hajui. Ndugu zake wamenipigia jana. Kesho asubuhi tunakwenda kwake na shangazi yake, watu wanne. Wewe umejuaje?"

"Nimeliandika jina la mzee."

"Umeliandika wapi?"

Sikuhitaji kujibu. Mbele kule Mwalimu alikuwa amemaliza walimu kumi na mmoja. Wafanyakazi walikuwa saba. Wa saba nimekwambia ni nani.

"Mwambie aliruke."

Nikapita kando ya ukuta, nimeinama. Nikapunga mkono. Mwalimu miwani imegandana na karatasi. Nikamnong'oneza, na upande niliokuwepo ndio wa sikio lililobaki darasani. Jina la tatu. Yupo! La nne. Yupo! Na sauti iliyokuwa ikiitika kuliko zote, mwanangu, ilikuwa ya Zaina. Alikuwa akiwaitikia wapishi waliomlea.

La tano. La sita lilikuwa la Bibi Halima wa jikoni. Yupo!

Nikarudi mezani mbio, nikanyakua sinia tupu na upawa, nikaligonga mfululizo bila kupumua.

Ukumbi ukasimama. Watu wazima, manesi, madereva, mashemeji wa watu, wote wima, midomo imefungwa. Mwalimu Mshana naye kanyamaza na kidole chake kwenye jina la saba. Kwa pumzi moja nikajiona nimeokoa.

"Hiyo si kengele ya baba!" akasema Zaina, huku akitabasamu.

Hapo ndipo nilipovuna nilichopanda. Maana asubuhi ile, kwa ulimi wangu mwepesi, nilikuwa nimewanong'oneza watu watatu habari za msiba. Hao watatu wakamtazama Zaina. Waliokuwa kando yao wakawafuata macho. Tabasamu likamshuka polepole.

"Mbona mnaniangalia?"

Akatembea mpaka kwa Mwalimu, akatazama pale kidole kilipo. Mwandiko wangu unasomeka vizuri. Siku zote nimejisifia hilo. Saa bado alikuwa ameishika. Mama Agnes alifika kumdaka, lakini alifika baada ya karatasi.

Baadaye, wenzake walipokuwa wakimvalisha koti wampeleke kwake, Matroni aliniita jikoni.

"Waliokufa umewahesabu mara mbili," akasema, anasuuza vikombe, haniangalii. "Walio hai umewahesabu mara ngapi?"

"Nilihakikisha, Matroni."

"Ulihakikisha kwamba mzee amekufa. Kwamba mwanawe anajua, ulimuuliza nani? Kesho tungekwenda kukaa naye. Mmoja amshike mkono, mmoja achemshe maji. Wewe umempa msiba wa baba yake kwa karatasi."

Mimi mchuuzi, nikajaribu kupunguziwa. "Lakini nilimzuia Mwalimu."

"Ulimzuia. Na sinia langu?" Akageuka. "Usimwombe radhi leo, atalazimika kukujibu. Nenda kwake ukafagie."

Nikaenda. Siku tatu za matanga nilichemsha chai katika jiko lake dogo pale Kilburn, nikaosha vikombe, nikapanga viatu vya watu mlangoni. Zaina hakunisemesha. Siku ya tatu, wageni wamepungua, akaja akaweka ile saa mbele yangu.

"Sema kweli, dada. Nililanguliwa?"

Nikaitazama. "Hapana. Ulipata."

Akakaa karibu yangu, ndipo tukalia. Radhi niliomba hapo, naye akanipa.

Mwaka uliofuata, jina la Mzee Athumani lilipofika, Mwalimu alinyanyua kichwa, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Ukumbi mzima ukanyamaza bila kuambiwa. Zaina akaitika peke yake: "Yupo." Tangu siku hiyo mwenye marehemu wake huitika kwanza, nasi tunafuata. Ulidhani desturi hiyo tulitoka nayo shuleni? Tuliinunua hapa, na bei ndiyo hiyo niliyokusimulia.

Basi, mwanangu, ninyi sasa habari inawafikia kwenye kundi la simu kabla maiti haijaoshwa, na kidole ni chepesi kuliko hata ulimi wangu ule. Kuuliza si ujinga. Kando ya kila jina andika jina jingine: nani wa marehemu yuko hapa, nani amemwambia, na nani alikaa naye. Nafasi hiyo ikiwa tupu, jina lisubiri mwaka mwingine. Marehemu hana haraka. Aliye hai ndiye unayeweza kumvunja, na maji yakishamwagika hayazoleki.

Pokea orodha. Sinia nalo utalikuta keshokutwa mezani, ndilo la sambusa. Nililinunulia Matroni jipya, hili nikabaki nalo. Mungu akupe mkono mzito wa kuandika na mguu mwepesi wa kwenda kukaa na waliofiwa. Na siku yangu ikifika, asikose mtu wa kukaa na wanangu kabla hujanisoma.

Haya, rudia kuhesabu kurasa. Mara ya pili, mbele yangu.