Bifu la Jumamosi

Harufu ya nyama ya ng'ombe inayoanza kudondosha mafuta juu ya makaa hunifanya nivuke barabara. Hapa Johannesburg hilo ni balaa, maana kila Jumamosi kila kona ina moshi wake, na rafiki zangu wamekwisha kunichoka. Wao huwa nawaambia tumbo langu halipatani na nyama. Ninyi nitawaambia ukweli.

Siku hizi neno bifu halihitaji kufafanuliwa. Wanamuziki wakirushiana maneno, wana bifu. Majirani wakinuniana, wana bifu. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima maktaba nikitafuta nyama iligeukaje kuwa ugomvi. Wapo wanaosema lilianzia kwa askari waliokuwa wakinung'unikia nyama mbaya waliyolishwa. Wengine wanasema zamani huko Uingereza watu walipaza sauti “bifu, bifu” kupiga yowe la mwizi. Hakuna mwenye uhakika. Lakini hilo la yowe lilinikosesha usingizi, kwa sababu mimi nilipewa yowe nilifikishe, nikafikisha nyama.

Ilikuwa mwaka 2015. Nilikuwa na miaka kumi, na mwaka mmoja tu tangu tutoke Lubumbashi. Tulipanga chumba ghorofa ya tatu katika jengo moja la Doornfontein. Chini, karibu na lango, Mama Sifa wa Bukavu alisuka watu nywele kutwa nzima, na hakuna aliyetoka wala kuingia bila yeye kujua. Baba alikuwa fundi cherehani katika karakana iliyokuwa mitaa minne kutoka nyumbani. Yeye na mama walijua Kiswahili na Kifaransa, basi. Kliniki, dukani, kwa mwenye nyumba, mdomo wa familia nilikuwa mimi, na nilijivuna kweli.

Wiki ile shuleni tulikuwa tunajifunza mnyama gani hutoa nyama gani. Mwalimu alibandika picha ubaoni: kondoo na jina la nyama yake, nguruwe na ya kwake, ng'ombe na bifu. Nilipata zote, nikabandikiwa nyota kwenye daftari.

Ijumaa nilipotoka shule nilipitia karakana kama kawaida yangu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na baba alikuwa ameshakwenda nyumbani. Mlangoni palikuwa na bibi wa Kizulu aliyeuza magwinya, maandazi yao yale makubwa, nasi sote tulimwita Gogo, yaani bibi kwa lugha yao. Alinivuta karibu hadi nikasikia mafuta ya kukaangia kwenye aproni yake, akaninong'oneza kwa Kiingereza chake kilichochanganyika na Kizulu.

“Mwambie baba yako, kesho asubuhi bifu kubwa hapa. Bazofika bonke.”

Kizulu kidogo nilikuwa nacho. Watafika wote. Alinipa andazi la bure, huku akiangalia barabara. Nilidhani anatafuta wateja.

Nilipanda zile ngazi mbio. Mama alikuwa anachambua matembele, baba anashona pindo kwa mkono karibu na dirisha. “Gogo anasema kesho kuko nyama mingi kule ku kazi,” nikatangaza. “Bote batakuya.”

Mama alipiga vigelegele kidogo, vya utani. Nyama hatukuwa tumeionja siku nyingi. Baba alisimamisha sindano. “Ye mwenyewe alisema neno gani?” akaniuliza.

“Bifu. Bifu kubwa.”

Alitazama nje kwa muda. Kisha akacheka, akanisugua kichwa. “Unajua Kingereza kunipita, mama.” Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Usiku huo nililala kama mshindi.

Alfajiri mama alimpa baba bakuli la bluu lenye kifuniko, alilokuja nalo kutoka kwao, alete fungu letu la nyama. Baba akalikumbatia kifuani, akatoka. Mama alisonga bukari, ugali wetu, tukaufunika, tukangoja. Ukapoa. Alasiri mafundi wawili walimleta baba wamemshika huku na huku, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa cheupe cha gauni la harusi. Karakana ilikuwa imevamiwa na watu waliotaka wageni waondoke. Walimvunja vidole. Bakuli halikurudi, wala mama hakuwa na moyo wa kuliulizia.

Shule ilipofunguliwa tena, wavulana wawili walisukumana uani na watoto wakawazunguka wakiimba kwamba hao wana bifu. Nilimuuliza mwenzangu maana yake, akanijibu. Nilijikojolea pale pale nimesimama.

Sikumwambia mtu. Baba alijifunza kushona kwa mkono wa kushoto, taratibu, kazi ndogo ndogo, lakini kutunga uzi hakuweza. Kila asubuhi kabla ya shule nilikaa mbele yake nikamtungia sindano kumi na kuzichomeka kwenye kimto chake. Aliamini ni upendo. Ulikuwa upendo, ila hofu ilikuwa nyingi zaidi.

Miaka tisa ilipita hivyo. Mwaka jana figo zilimshinda, akafariki. Siku ya tatu ya matanga Mama Sifa alikuja, akaniita jikoni, akafungua mfuko. Ndani yake lilikuwamo bakuli la bluu.

Alisema baba alimwachia asubuhi ile ile. Neno la Gogo baba alikuwa amelisikia mitaani wiki nzima, na alijua vizuri ni la nini. Mafundi wawili walikuwa wakilala mle karakana, simu zao zimezimika kwa kukosa umeme, na mama angejua angefunga mlango na kukalia ufunguo. Kwa hiyo alikwenda kuwaamsha. Wao walitoka salama. Yeye ndiye aliyekutwa kwenye ngazi za karakana.

“Aliniambia, shika hii bakuli,” Mama Sifa akasema. “Na mtoto asijue kama alikosea.”

Nilimkasirikia marehemu baba yangu, nimesimama na bakuli lake mkononi. Alininyamazia ili nisijue, nami nilimnyamazia kwa sababu nilijua. Kila asubuhi magoti yetu yaligusana, mimi natunga uzi, yeye anasema asante mama, na neno lile lilikuwa hapo katikati yetu. Kama mmoja wetu angelitamka, nadhani baba angecheka.

Mama aliniita nipakulie wageni. Majirani walikuwa wamepika nyama ya ng'ombe. Nilijaza bakuli la bluu mpaka juu, nikampelekea mama. Alilitambua. Aliniangalia, akasubiri mimi, mdomo wa familia, nimweleze.