Swali la Keziah Sugden

Keziah Sugden nilimvunja mkono mimi, na sioni haja ya kuzunguka. Ilikuwa mwaka 1907, katika ukumbi wa mji wetu wa viwanda vya sufu, Yorkshire, Uingereza. Jina langu Seth Ackroyd, muuza nyama. Chama kilinivalisha utepe wa njano kikanipa kazi ya kuwatupa nje wanaomkatiza mbunge wetu, Bwana Denholm. Keziah alikuwa mfumaji kiwandani, mwembamba, mkaidi kupindukia, na alikuwa na swali moja tu: sisi wanawake tutapiga kura lini? Kabla hajafika kwenye "lini" nilikuwa nimeshamkaba.

Denholm akapanda cheo. Akawa waziri, kisha kiongozi wa chama. Kila alipohutubia Keziah alikuwepo, nami nilikuwepo, nikisafirishwa na chama kama mbwa wa ulinzi. Meno mawili aliyaacha Leeds. Bradford nilibaki na nywele zake mkononi, ngumi nzima. Siku moja aliniomba nimshike mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto haukunyooka tena. Nikamshika wa kulia, nikamtupa ngazini.

Mwaka 1918 kura ikaja, lakini kwa mwanamke aliyetimiza miaka thelathini, mwenye nyumba au mume mwenye nyumba. Mke wangu, ambaye hajawahi kuuliza chochote popote, akapata. Keziah, miaka arobaini na minne, mpangaji wa chumba chenye kitanda cha mwenye nyumba, ambacho sheria haikukihesabu kuwa makazi yake, akakosa. Hilo liliniuma, tena sana.

Desemba ile Denholm alirudi kwetu, akatangaza kwamba wanawake wote waliomo ukumbini wana kura kwa jitihada zake. Keziah akasimama. Vijana wa chama niliowasimamia mlangoni wakanitazama, nikawaambia asiguswe. Basi wakanigeukia mimi. Wa kwanza nilimvunja pua. Wa pili alinipiga kichwani kwa mguu wa kiti, nikaenda chini, wakaanza kunikanyaga mbavu. Kwa kuwa wote walikuwa juu yangu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja Keziah alimaliza swali lake.

"Na mimi je, Bwana Denholm? Mimi napiga kura lini?"

Denholm akatabasamu. "Tafuta mume, bibi."

Ukumbi mzima ukacheka. Keziah akapanda jukwaani bila haraka, akalichukua jagi la maji, jagi zito la udongo, akampasulia usoni. Denholm alianguka na meza yake, damu ikamlowesha shati mpaka kiunoni.

Keziah alifungwa miezi sita. Nilikwenda gerezani kumwona, mbavu zangu bado zimefungwa bendeji, na nakiri nilitarajia neno jema.

"Seth, usinijie na uso huo," alisema. "Mkono huu hata nywele siwezi kujifunga. Umefuata nini?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Haya, omba."

Nikaomba. Akanisubiri nimalize, mpaka neno la mwisho, kisha akamwambia askari wa zamu amrudishe ndani.