Mkoba Ulioandikwa "Bwana ni Wangu"

Nyanya yangu wa Nunguni alibeba kiondo mgongoni, mkanda ukiwa kwenye paji la uso. Mama alikishusha begani, akakitia mikanda ya ngozi na zipu. Sisi mabinti tukanunua mikoba ya plastiki inayong'aa, ambayo huanza kubanduka hata kabla ya Krismasi. Kwa hiyo nilipopata kazi ya ualimu Kitui, mama aliapa sitaingia mji wa watu na mkoba unaobanduka. Alinishonea mwingine wa kitambaa cheusi, akautarizi maua mekundu kwa uzi wa sufu, na maneno juu yake.

Alikusudia kuandika "Bwana ni nguvu zangu". Lakini herufi za mwanzo alizifanya kubwa mno, na alipomaliza "Bwana ni" akakuta nafasi iliyobaki inatosha neno moja tu. Akatarizi "wangu".

"Maana ni ile ile," akasema. "Nani asiyejua ni Bwana Yesu?"

Jumapili ya kwanza nilikaa kanisani safu ya mbele, mkoba magotini. Washiriki walijua mambo mawili tu kunihusu: mwalimu mgeni, hajaolewa. Kiongozi wa kwaya, mwanamume mrefu mwenye tabasamu zuri, alikuja kunisalimu kama wageni wanavyosalimiwa. Mkewe alikuwa kwenye kinanda. Alimtazama mumewe, akanitazama, akausoma mkoba. Wimbo ukapotea njia kabisa.

Ibada ilipokwisha akanijia, wanawake wengine nyuma yake.

"Mwalimu, karibu sana. Huyo bwana ni yupi?"

"Yule wa mbinguni, mama."

"Wa mbinguni angeandikwa ni wetu sote."

Nilitamani kuingia ndani ya ule mkoba na kujifungia zipu. Badala yake nikampigia mama simu, nikaweka sauti ya juu ili ashuhudie mwenyewe.

"Mwaitu, waeleze hawa kina mama maana ya mkoba wangu. Wanadhani nina mume wa mtu!"

"Huyo?" Mama alicheka. "Awatoe wapi waume za watu, na wa kwake mwenyewe amemshinda kumpata?"

Kanisa zima lilisikia. Mpiga kinanda alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akachukua simu mkononi mwangu bila kuniomba, akaanza kuagiza mkoba wa kwake, wenye maneno yayo hayo, ila yaongezwe "peke yangu".

"Basi nitapunguza herufi," mama akamjibu.

Mkoba ulimfikia baada ya wiki tatu, akawa anatembea nao kando ya mumewe, maandishi yakitazama nje. Mimi na yeye tukawa marafiki. Kila Jumapili alinialika chakula cha mchana, akanipakulia nyama nyingi kuliko wageni wote, na siku zote akaniweka kiti cha mlangoni, mbali kabisa na cha mumewe.