Maziwa Kwenye Barabara ya Juu

Baba yangu alipigwa rungu kisimani, pigo moja, fuvu likabonyea. Mimi ndiye niliyeshika kichwa chake alipokuwa akioshwa, na hata leo vidole vyangu vinapajua pale palipobonyea. Wazee walikaa, wakasikiliza pande zote mbili, ngamia wa fidia wakatolewa, dua ikasomwa. Kwa wazee yakawa yamekwisha. Lakini kaka yangu mkubwa alikuwa kambini Dagahaley akiuza dukani, na kikao kile hakukihudhuria.

Mvua za vuli zilipoanza, deyr kama tuiitavyo, akaja nyumbani Rhamu na kisu kiunoni.

"Walaal, ndugu yangu," akaniambia, "wewe ulimwona muuaji kikaoni, unajua sura yake. Mimi simjui. Nionyeshe tu, kazi ni yangu."

Nikakubali. Sitaki kujitia utakatifu hapa: nilitaka yule mtu afe, na afe vibaya.

Barabara ya chini ina askari wanaopekua watu, kwa hiyo tulishika ya juu, ile ya zamani iliyochongwa vilimani enzi za wakoloni. Magari yameiacha siku nyingi. Kuta zake za mawe zimeporomoka na migunga imeota katikati ya njia. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, vilima vyote vimechipua, vipepeo weupe kila mahali, na mimi nikawachukia hao vipepeo. Baba yuko chini ya udongo, wao wanacheza!

Tulijua tu kwamba muuaji alihamia huko juu na mifugo yake, si boma lipi. Basi njiani tukapatana ishara: nikimwona, nishike sikio la kulia.

Kwenye kona moja bafe alikuwa amejilaza juani. Angetuacha tupite, bafe ni nyoka mvivu. Kaka akaokota jiwe akamponda. Nyoka akafa. Kaka akaendelea kumponda huku akipiga kelele, mpaka damu ikamrukia ndevuni na pale chini hapakubaki nyoka, palibaki tope. Aliponigeukia alikuwa anacheka. Huyu ndiye aliyenifundisha kuogelea mtoni Daua, na siku ile nilimwogopa.

Boma la kwanza tulilolifikia likawa ndilo. Alitoka mwenyewe, mzee mwembamba, akatuona, na mimi akanitambua papo hapo. Uso ulimsawijika. Mkewe alikuwa nyuma yake na mzigo wa kuni mgongoni.

"Assalaam aleikum, adeer," kaka akasema, akimwita baba mdogo kama tunavyomwita mzee yeyote. "Tumetembea toka alfajiri. Kiu imetushika."

"Wa aleikum salaam. Karibuni, wanangu."

Tukaketi mkekani. Mikono yangu niliikalia. Kaka akanitupia jicho, nami nikatazama mbuzi. Sikuwa nimepanga lolote. Atakayesema nilipanga ananisifu bure. Mzee akaingia ndani. Angeweza kutoka na bunduki, angeweza kupenya nyuma akakimbia. Alitoka na chombo cha maziwa ya ngamia, akampa kaka kwa mikono miwili.

Kwetu, ukishakunywa maziwa ya mtu nyumbani kwake, damu yake ni haramu kwako. Hata mtoto anayechunga wanambuzi analijua hilo. Kaka alikunywa mafunda makubwa, akanipa nami nikanywa, kisha akafuta ndevu zake zenye damu ya nyoka.

"Allah akubariki, adeer," akasema.

Nilimwambia kuwa yule ndiye tulipokuwa tumelipa boma kisogo na kuizunguka kona. Hakuuliza mara mbili. Aliinama akatia vidole kooni, akatapika maziwa yote juu ya mawe, akaendelea kutapika mpaka yakatoka maji ya manjano. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Yametoka yote. Sasa naweza?"

"Huwezi, walaal."

Ndipo aliponipiga. Alianza kwa ngumi, akamalizia kwa jiwe. Meno mawili ya mbele yalitoka, taya likavunjika, na kwa kila pigo alikuwa akiita, "Baba! Baba!" Sikujikinga. Nilijiambia, akichokea kwangu hatarudi kule. Na kweli alichoka. Aliniacha nimelala njiani akashika njia ya kurudi Rhamu peke yake, kisu kikiwa bado alani. Yule mzee ndiye aliyenikuta pale, akanifunga taya kwa kitambaa na kuchukua namba yangu.

Mama tulimwambia nilianguka mlimani. Kaka akarudi dukani kwake Dagahaley, na tangu hapo hajanitamkia neno, hata nilipooa.

Kila Idi asubuhi simu yangu hulia. Huwa ni yule mzee. Hunitakia heri, huuliza hali ya taya. Nami humjibu, "Na wewe pia, adeer," nikakata, nikakaa na simu mkononi mpaka jioni, nikingoja kaka apige.