Pipa la Bia Nyeusi

Mpika bia wa mtaani kwetu ana mikono mipana inayonukia shayiri hata siku ya mapumziko. Kila asubuhi huyagonga mapipa yake kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama anayebisha hodi kwa jirani. Juzi lilibaki pipa moja tu tupu. Mdogo wake, anayehudumia wateja, alitaka lijazwe bia nyepesi, maana ndiyo inayogombaniwa. Dada yake, mpika bia, akamimina shayiri ya bia nyeusi kwenye sufuria kubwa.

“Dada, uchungu huo anauweza yule fundi saa peke yake!”

“Na akija nimpe maji?”

“Lakini ni mtu mmoja, dada!”

Akakoroga taratibu, mvuke ukimpanda usoni, akacheka mpaka mabega yakatikisika. “Wawili. Mimi umeniweka wapi?”