Nilipoichambua Kompyuta ya Mizani

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa pamba, mwanangu, nilipokaribia kufukuzwa kazi kwa sababu ya usafi. Usicheke. Nilikuwa binti mbichi, fundi wa kompyuta katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi, na kompyuta yangu ndiyo iliyosoma mizani ya malori. Diski yake ilikuwa ndogo, imejaa pomoni. Nikaona nipunguze.

Ndani ya mafaili ya programu kuna orodha za majina ya vipande vyake, na ipo amri ya kuyafuta. Nilianza na maktaba, yale mafaili ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja. Nikafuta, yakapungua, kila kitu kikafanya kazi. Kichwa kikavimba. Nikaigeukia moduli ya kerneli, kipande kinachoingizwa kwenye kiini cha mfumo ili kompyuta iitambue mizani, nayo nikaifuta majina yote. Sisi watu wa kiwanda cha pamba tuna ugonjwa huo: tukiona kitu, tunataka kukichambua.

Nikawasha upya. Moduli ikagoma kuingia. Mizani kimya, na getini malori ya pamba kutoka vijiji vya Zagayu na Mwamapalala yamepanga foleni.

Meneja akaja amekunja uso. "Ng'oeni hilo dude! Tutaagiza fundi kutoka Dar. Huyu binti aende kwao."

Mzee Limbu, fundi mkuu aliyenifundisha kazi, mtu aliyejifunza kompyuta uzeeni kwa ubishi tu, akaniuliza nimefanya nini. Mficha uchi hazai, nikamweleza yote.

"Ng'wanone," akaniita kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "mbegu ya kukamua mafuta unaisaga. Ya kupanda ukiisaga, utapanda nini?"

Akanifafanulia. Maktaba ina orodha mbili: moja ya fundi anayechunguza makosa, nyingine ya programu zinazoiita. Amri yangu ilifuta ile ya kwanza, ikaiacha ya pili, ndiyo maana sikuona madhara. Moduli ina orodha moja tu, na kerneli huisoma inapoiingiza ili ijue cha kuunganisha na nini. Nilipaswa kuondoa taarifa za kuchunguzia makosa peke yake, majina niyaache. "Umejifunza amri," akamaliza, "hukujifunza kile unachokiamuru." Hilo liliniuma kuliko maneno ya meneja.

Lakini sikuondoka. Nilimwambia meneja mbele ya madereva: "Nimekosea mimi, nitatengeneza mimi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze mizani ikisoma." Nikarudi ndani kwenye kompyuta. Mzee Limbu akavuta kiti, akakaa katikati ya mlango wa chumba cha kompyuta kama mtu aliyekuja kupunga upepo, na meneja akabaki nje.

Nikaijenga moduli upya kutoka kwenye msimbo wake, yale maandishi inakotokana, safari hii kwa akili. Kabla ya adhuhuri lori la kwanza likapanda mizani, tarakimu zikatokea. Madereva wakapiga honi. Meneja akasema tu, "Haya, endeleeni."

Sasa nisikilize, mwanangu. Watakuja watu na kukwambia kwamba kitu wasichokijua kazi yake ni taka, ukifute. Kataa. Waulize nani anakisoma, na anakisoma lini; kuuliza si ujinga. Usipopata jibu, weka nakala kwanza, maana mimi sikuweka. Na dawa iliyoponya huku usiimwage kule kwa kuwa chupa zinafanana.

Ukikosea, sema. Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Ila asikudanganye mtu kwamba kwa kuwa umekosea, wewe na Bariadi yako mkae pembeni kumngoja mjuzi wa mbali. Omba radhi mikono ikiwa kazini.

Mungu akupe jicho la kutambua na ulimi wa kukiri. Na ile adabu ya kuondoka ukifukuzwa kabla hujarekebisha ulichoharibu, hiyo akunyime kabisa.